Kuvuta bangi ukiwa na homa ya ini C

Ndugu yangu, umeuliza kama bangi ya kila jioni inaliharibu ini lako lenye homa ya ini C. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2005 ulihusisha uvutaji wa kila siku na makovu ya ini kuongezeka haraka; ule wa Kanada wa 2013, kwa wagonjwa wenye VVU pia, haukuona hivyo. Ningekuwa wewe ningepumzika kuvuta. Ila pombe ndiyo adui hasa, hiyo iache leo leo. Vidonge vya sasa, wiki 8 hadi 12 tu, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Mwambie daktari ukweli wote, hata mafuta ya CBD (kiambato cha bangi kisicholevya), maana dozi kubwa hupandisha vimeng'enya vya ini, ishara kwamba ini linaumia. Na usingoje mpaka uache bangi ndipo uanze dawa, tafadhali.