Sava inakula hela, matangazo yatailisha? Maswali yenu ya wiki hii

Inboksi yangu imejaa swali moja kwa sura tofauti tofauti: nilifungua sava (kompyuta ya mtandaoni tunapokutana kucheza gemu) ya kucheza na washkaji, ikakua, sasa hosti anayenikodishia anadai kila mwezi na mimi ndo natoa mfukoni, je nikiweka matangazo ndani ya gemu itajilipa? Nachukua machache, mengine nimeyafupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nzima.

Shikamoo kaka. Nina sava ya Minecraft, kwa siku wanaingia kama watu 40. Nikiweka yale matangazo ya kulipwa kadiri watu wanavyoyaona, hela ya hosti itapatikana? (Mwanza)

Marahaba mdogo wangu. Haipatikani. Watu 40, kila mmoja alione tangazo mara mbili kwa siku, mwezi mzima ni mara 2,400. Matangazo ya aina hii yanalipwa kwa kila elfu, tuseme una bahati umepata dola moja kwa elfu, basi una dola 2 na senti 40. Alafu AdSense ya Google kwa mfano hawakutumii kitu mpaka ufikishe dola 100, yani kwa mwendo huo unasubiri karibu miaka mitatu na nusu, hapo hosti ashafunga na dunia mliyoijenga ndani ya gemu ashaifuta. Na usije ukaandika kwenye chati "jamani bonyezeni tangazo tuokoe sava", hiyo wanaigundua na akaunti inafungwa na hela iliyokuwemo inapotea.

Mimi nacheza tu Team Fortress 2. Kuna sava nikiingia linafunguka dirisha la tangazo halitoki. Hii ni halali kweli?

Hiyo ni mbinu ya siku nyingi. Gemu kadhaa za Valve, watengenezaji wa hiyo Team Fortress 2, zina dirisha la ujumbe wa siku linalofunguka ukiingia, mwanzo lilikuwa la sheria za sava na kukaribisha watu, ila kwa vile linaweza kufungua ukurasa wa wavuti, wakatokea wafanyabiashara kama Pinion wakawa wanawalipa wenye sava waweke tangazo pale. Ilianza vizuri tu, watu walilipia sava zao kwa hela ile, ni tamaa ndo iliyoharibu: wengine wakazuia kitufe cha kufunga mpaka sekunde 30 ziishe, wengine wakaficha dirisha kabisa video ikawa inachezea nyuma inakula bando lako na huku wewe unashangaa gemu linakwamakwama. Wachezaji wakajibu kwa kuzima dirisha lote, na wewe fungua konso (kisanduku cha kuandikia amri ndani ya gemu) uandike cl_disablehtmlmotd 1 uone raha. Mwenye sava akisoma hapa aelewe, ukimteka mtu kioo chake anakuzima hata siku una tangazo la maana.

Nimeona sava za Minecraft zina mabango ukutani yenye picha kabisa. Yanatengenezwaje na mtu wa duka nimchaji vipi? (Tabata)

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri bana. Bango lile ni ramani za ndani ya gemu zilizopangwa kwenye fremu, kila ramani moja ni pikseli 128 kwa 128, kwa hiyo ukuta wa fremu nne kwa tatu unakupa 512 kwa 384, na kuna plagini kibao (programu ndogo za kuongezea kwenye sava) zinazokata picha yako na kuipanga zenyewe. Pikseli 512 ni kidogo sana, usimkubalie mteja anayetaka aorodheshe kava, chaja, glasi protekta na sura yake juu, weka jina la duka, mtaa na namba ya simu kwa herufi nene basi. Liweke pale watu wanapozaliwa, yani wanapotokea wakiingia kwenye gemu, au wanaposubiria mechi, wana muda wa kuangalia na halimkeri mtu, ila ndani ya uwanja wa vita usiweke, mtu anakimbia na upanga hasomi namba ya simu ya yeyote.

Bei iwe ya mwezi, jumla, usiuze kwa idadi ya macho maana hesabu umeiona hapo juu. Hosti anakula dola 20? Tafuta wadhamini wawili au watatu wagawane hiyo. Mwenye duka la Kariakoo hajui Minecraft ni nini, usianze kumweleza, muoneshe picha ya bango lilivyo na grafu ya watu wa kuanzia saa mbili usiku, alafu mpe neno la siri, mteja akilitaja dukani anapunguziwa kidogo. Mwezi ukiisha anajua mwenyewe wamekuja wangapi, akiona wamekuja anaongeza mwezi bila wewe kumbembeleza.

Kwani Mojang, wenye Minecraft, wanaruhusu? Na si bora niuze tu mapanga makali ya ndani ya gemu?

Juni 2014 Mojang walitoa msimamo: matangazo ndani ya sava ruksa, udhamini ruksa, michango ruksa, kuuza urembo ruksa isipokuwa zile kepu za mgongoni. Kuuza kitu kinachompa mwenye hela nguvu kuliko mwenzake marufuku, wenye sava wakapewa mpaka Agosti 1 kujirekebisha, na 2016 Mojang wakaanza kuzifungia sava zilizokaidi. Sheria zimeguswa mara kadhaa tangu hapo, soma za leo kabla hujachukua hela ya mtu. Mapanga achana nayo.

Kampuni ya kubeti inataka kutudhamini, hela nzuri. Nikatae? (Nairobi)

Kataa. Nusu ya chati yako ni watoto wanaoaga "naenda kulala mama kasema". Kenya yenyewe mwaka 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kwa sababu hiyohiyo ya watoto, sasa wewe unaenda kuyabandika mlangoni kwao?

Sava yetu iko Frankfurt, pingi (muda wa kwenda na kurudi kwa ujumbe) inapita milisekunde 100, tunataka kuileta karibu lakini hela hatuna.

Msiombe hela, ombeni mashine. Kampuni ndogo za intaneti na za hosti hapa nyumbani mara nyingi zina nafasi kwenye sava zao zimekaa tu, kukupa gigabaiti 8 za memori (RAM) haiwaumi kama kutoa pesa taslimu, na nyie mnawapa jina lao kwenye ile mistari miwili ya maelezo chini ya jina la sava yenu kwenye orodha ya sava na bango kubwa pale pa kuzaliwa. Kumbusheni Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikayumba ukanda mzima, sava ya ndani siku kama zile ndo inajaa. Ila domeini (jina la anwani ya sava) isajiliwe kwa jina lenu na nakala ya dunia ikae kwenu kila wiki, wakibadilisha mawazo mnahamia kwingine na wachezaji wanaingia kwa anwani ileile.