Nimepata alama 14: ndiyo sonona?

SWALI: Nilikwenda kliniki kwa sababu ya uchovu na kukosa usingizi. Nikiwa kwenye foleni nikapewa dodoso la maswali tisa. Daktari alijumlisha, akasema nina alama 14, akaniandikia dawa ya sonona bila kuniuliza kingine. Karatasi peke yake inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu msomaji. Dodoso hilo, PHQ-9, huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku), jumla 27. Kuanzia 10, daktari anapaswa kuchunguza zaidi. Kuchunguza, si kuandika dawa papo hapo.

Angalia alama zako zimetoka wapi. Ukipata 3 kwenye usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini, hizo tayari ni 12. Ongeza 1 ya huzuni na 1 ya kutofurahia mambo, umefika 14. Lakini sonona kubwa haithibitiki mpaka huzuni au kutofurahia mambo, mojawapo, kuwepo karibu kila siku. Hayo manne ya kwanza huletwa pia na upungufu wa damu, tezi ya thairoidi (ya shingoni) isiyofanya kazi vya kutosha, ujauzito, hata dawa nyingine unazotumia. Kipimo cha damu kilistahili kutangulia.

Kosa hili ni la kawaida, kwa sababu namba ikishaandikwa kwenye faili, kila atakayelifungua ataanzia hapo. Na namba hiyo hukosea. Tuseme kati ya watu 100, 10 wana sonona, na dodoso hupatia kwa asilimia 85 kwa wagonjwa na wasio wagonjwa. Litawanasa wagonjwa 8 au 9, na pamoja nao watu 13 au 14 wasio na sonona.

Rudi kwa daktari. Mweleze kama umewahi kuwa na siku kadhaa za kuchangamka kupita kiasi huku ukilala kidogo bila kuchoka: mwenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuingia kwenye hali hiyo ya kuchangamka kupita kiasi. Kama swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, uliliwekea hata alama 1, mwone leo, jumla iwe ndogo kiasi gani. Dawa usiikate ghafla bila ushauri wake. Mkikubaliana uendelee nayo, jaza dodoso tena baada ya wiki nne hadi sita. Alama zikishuka 5 au zaidi, inasaidia.