Kabla Hujajisifu na Modeli Yako, Pima Ukubwa wa Uvimbe

Wiki jana mwanafunzi mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Dada, nataka kutengeneza modeli inayosoma picha za CT na kutabiri kama mgonjwa wa saratani atasaidika na matibabu. Ninunue kompyuta gani?" Laptopu uliyo nayo yatosha kuanzia, mdogo wangu. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, na nyote mnadhani kikwazo ni mashine.

Mimi ni radiografa hapa Kisumu. Nimelaza watu kwenye CT, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, miaka mingi kabla sijaandika programu yoyote. Jinsi nilivyojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nairuka; ilikuwa ni usiku, watoto wamelala, hakuna la kusimulia.

Basi kuna timu ilinialika, vijana wa kompyuta, wakali kweli. Walitumia data ya wazi kutoka Maastricht, Uholanzi: wagonjwa 422 wa saratani ya mapafu, picha za CT zilizopigwa kabla ya tiba, uvimbe umeshachorwa mipaka. Inapakuliwa bure kwenye The Cancer Imaging Archive, hifadhi ya mtandaoni ya picha za saratani. Kwa PyRadiomics, programu ya kugeuza picha kuwa namba, wakatoa mamia ya vipimo kwa kila uvimbe: umbo, mng'ao, mpangilio wa madoa ndani yake. Modeli ikatabiri nani ataishi zaidi baada ya mionzi. Makofi.

Nikauliza: ujazo wa uvimbe peke yake unatabiri kiasi gani? Mmoja akacheka. "Madam, wewe tuletee picha, hesabu tuachie sisi." Mbele ya watu. Nimemsamehe, kusahau ndiyo bado.

Nikapiga hesabu mwenyewe. Ujazo tu, safu moja ya namba, ulikaribia kabisa modeli yao nzima. Wala hakuna uchawi. Chukua kipimo wanachokiita enaji: programu hutwaa thamani ya kila vokseli, yaani kila chembe ndogo ya picha, huizidisha kwa yenyewe, kisha hujumlisha zote. Uvimbe mkubwa una vokseli nyingi, kwa hiyo jumla hupanda hata kama ndani hamna la ajabu. Unadhani umesoma siri ya saratani, kumbe umesoma ukubwa wake. Utafiti uliosifiwa sana wa Hugo Aerts na wenzake, wa 2014, uliosema vipimo vya namna hii hutabiri nani ataishi zaidi, ulikaguliwa upya mwaka 2019 na Mattea Welch na wenzake wa Toronto. Walizichanganya vokseli ovyo ndani ya uvimbe, mpangilio wote ukapotea lakini ukubwa haukubadilika, na utabiri ukabaki palepale.

Makala ya wale vijana ilitoka, na jedwali la ujazo limo. Jina langu liko kwenye shukrani, chini ya aliyetoa ukumbi. Haya.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: pima ujazo kwanza. Modeli isiyoushinda ujazo haijajua kitu. Pili, ijue picha yenyewe. Wagonjwa wetu huja na CD kutoka Siaya, Vihiga, Homa Bay. Moja ina vipande vya milimita 5, nyingine milimita 1, huyu kachomwa dawa ya kung'arisha mishipa, yule hakuchomwa. Ikiwa walio hoi wengi walipigwa kwenye mashine moja, modeli itajifunza mashine na kuiita saratani. Hilo utaambiwa na radiografa, si na mtaalamu wa takwimu. Tatu, gawanya data kwa mgonjwa, si kwa kipande, la sivyo mtu yuleyule atakuwa kwenye mafunzo ya modeli na kwenye mtihani wake. Halafu rudi upime ujazo tena.

Vijana, punguzeni haraka ya sifa. Kuna mtu atauza ng'ombe, au ataacha kumuuza, kwa sababu daktari aliamini namba yenu. Mnalijua hilo mnapopanga slaidi za rangi?

Wewe wa Nakuru, fanyia mazoezi zile 422. Ukitaka picha za hospitali ya hapa kwetu, utahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana hata ukishafuta majina kwenye picha lakini ukabaki na orodha ya kuwatambua wagonjwa. Karatasi hizo huchelewa kuliko programu yoyote utakayoandika, kwa hiyo barua ya kamati iandike mwezi huu.