Isome Habari Ambayo Gazeti Halikuandika

Kwa miaka sita nilikuwa msahihishaji wa prufu katika gazeti moja la hapa Nairobi, kazi ya usiku isiyompa mtu jina wala sifa, lakini inayomwezesha kuziona kurasa kabla ya msomaji. Usiku mmoja ulinifundisha kuliko miaka yote hiyo. Mwandishi wetu alikuwa ameleta habari ya wateja waliolalamikia makato yasiyoeleweka ya kampuni moja kubwa. Alikuwa amezungumza na watu kumi na mmoja, ameziona stakabadhi zao, na kampuni yenyewe ilikuwa imepewa nafasi ya kujibu. Saa nne usiku habari hiyo iliondolewa, na mahali pake pakawekwa tangazo la nusu ukurasa la kampuni iyo hiyo, pamoja na picha ya mashindano ya gofu. Sikusikia simu yoyote kutoka juu. Mhariri wa zamu alisema tu, "Hii itasubiri." Inasubiri mpaka leo.

Wasomaji wengi wanapovilaumu vyombo vya habari husema kwamba vinadanganya. Kwa niliyoyashuhudia, uongo mtupu ni nadra, kwa sababu aliyesingiziwa anaweza kwenda mahakamani na fidia ikawa ya kufilisi. Kimya hakimpeleki mtu mahakamani. Mhariri anayejua mshahara wake unatoka wapi hahitaji kuamrishwa, hujidhibiti mwenyewe, na baada ya miaka michache hata hakumbuki kwamba anajidhibiti; huona tu kwamba habari fulani "haina uzito".

Hapo ndipo umiliki wa wachache unapokuwa hatari. Wamiliki wakiwa wengi na wenye maslahi yanayogongana, anachokificha mmoja huanikwa na mwingine. Sasa hesabu wetu. Royal Media Services ya S. K. Macharia ina runinga ya Citizen, Radio Citizen na msururu wa redio za lugha za mama. Mediamax, yenye K24, Kameme FM na gazeti la People Daily, imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Kenyatta, kama vile kundi la Standard, lenye KTN, lilivyohusishwa na familia ya Moi na washirika wake. Nation na Taifa Leo ni za kampuni iliyoanzishwa na Aga Khan. KBC ni ya serikali, na serikali hiyo hiyo ni mnunuzi mkubwa wa matangazo, ambayo tangu mwaka 2015 hupitia wakala wake mmoja, huku vyombo vya habari vikilalamika kila mara kuhusu madeni ambayo hayajalipwa. Anayekudai hukusema kwa tahadhari, maana anataka umlipe.

Mwenye mali hulibadilisha gazeti kuliko tunavyodhani. Gazeti lililokuja kuitwa The Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, ambaye baadaye alipinga waziwazi ubaguzi dhidi ya Waasia. Aliliuza mwaka 1905, nalo mikononi mwa wanunuzi wa Kizungu likawa sauti ya walowezi. (Kila nipitapo Bustani ya Jeevanjee na kuwakuta watu wakibishania vichwa vya habari, hujiuliza ni wangapi wanaojua kisa hicho.)

Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, ni huu: siku ya habari kubwa, soma magazeti mawili ya wamiliki tofauti, si kwa ajili ya kutafuta lipi linasema kweli, bali uandike pembeni kile kilichomo katika moja na hakimo katika jingine. Mimi hufanya hivyo Jumamosi kwa kalamu nyekundu, mazoea ya kazi. Anza na kurasa za biashara, ambako kimya ni kingi zaidi, na uangalie maandishi madogo yanayokiri kwamba habari fulani imelipiwa.

Wa pili ni kuifuata hati yenyewe inapopatikana. Agosti 2022, tume ya uchaguzi ilipoziweka hadharani fomu za 34A, yaani zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka zaidi ya vituo 46,000 vya kupigia kura, runinga kadhaa zilijijumlishia matokeo zenyewe. Mjomba wangu wa mtaa wa Umoja alikesha akitazama kituo cha runinga kilichomwonyesha mgombea wake akiongoza. Mimi nilikuwa nikitazama kingine, ambako aliyeongoza ni mpinzani wake. Hakuna aliyekuwa amedanganya, kwani tofauti ilitokana na fomu zipi zilizotangulia kuingizwa. Lakini hesabu hizo zilipopunguza mwendo kabla ya kufika mwisho, sikusikia maelezo ya kuniridhisha. Nilifungua fomu za shule niliyopigia kura, nikazisoma mwenyewe.

Wapo wanaoniambia kwamba simu imemaliza tatizo hili. Ni kweli kwamba tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa, ni simu za vijana zilizoendelea kutuonyesha barabara. Lakini simu hizo hizo hutuletea kampeni za kukodiwa, na anayelipa huko hajulikani kabisa. Mmiliki wa gazeti angalau ninamjua jina.

Mwisho, lalamika kwa maandishi. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 35 kinampa kila mtu haki ya kudai kusahihishwa kwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Ipo pia Tume ya Malalamiko chini ya sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Nimewahi kumwandikia mhariri mara mbili kuhusu mtaa wetu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilihusu habari iliyokuwa imetoka ukurasa wa kwanza, nayo ikazaa masahihisho ya mistari minne, ukurasa wa ishirini na tatu, chini ya tangazo la magodoro.