Siku niliyokosa kusoma, niilipe?

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza vitumbua hapa Mbeya, naamka saa 10 alfajiri. Kila Januari naanza kitabu cha Mwanzo, na ratiba yangu ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Mwanzo nasoma vizuri, Kutoka najikokota, nikifika Walawi nimeshadaiwa sura ishirini, naacha. Mwaka wa tatu huu. Wenzangu wa ushirika wanakua kiroho, mimi nimedumaa. Nifanyeje?
Muuza Vitumbua, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako nimesimama kwenye neno "nimeshadaiwa". Nani anakudai? Rudi Kutoka 16, sura uliyoipita mbiombio. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, iliokotwa kila asubuhi, kila mtu kadiri ya ulaji wake. Waliobakiza mpaka kesho yake waliikuta ina mabuu, inanuka. Na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Siku ile uliyoshindwa kusoma imeshapita. Okota ya leo.

Ratiba ya mwaka ni njema kwa mwenye nafasi. Biblia ina sura 1,189, yaani tatu na zaidi kila siku, na wewe jiko linakungoja.

Mimi nililelewa na bibi, Rungwe, ambako Wamoraviani, wamisionari wa Kanisa la Moraviani, walifika mwaka 1891. Wana desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728: neno moja la siku, lililopelekwa nyumba kwa nyumba. Bibi alisoma mstari mmoja tu kabla ya kwenda kuchuma chai, kidole chini ya kila neno, midomo ikitikisika. Ukurasa wa Zaburi 121 ulikuwa umelainika kama kitambaa. Jioni tukimenya ndizi ataniuliza, "Neno la asubuhi umekwenda nalo wapi?" Mimi nimeshasahau. Yeye ananisimulia lilivyomzuia kumtukana jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu. Alikuwa na hasira kweli, lakini hakumtukana. Mimi kukua kiroho nilikuona pale, kwenye yale maganda ya ndizi, kabla sijakusikia kanisani.

Kwa hiyo Walawi iweke kando kwanza. Utaisoma baadaye sambamba na Waebrania, na zile sadaka utazielewa. Sasa chukua Zaburi 119. Ina mistari 176, mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja linatosha kwa asubuhi. Lisome kwa sauti wakati kikaango kinapata moto. Shika mstari mmoja, uwe nao ukigeuza vitumbua, na jioni ukiosha mchele wa kuloweka, jiulize swali la bibi. Zaburi hiyo ikiisha, ingia Marko, sura 16, taratibu.

Kesho soma mstari wa 1 hadi wa 8. Keshokutwa utakutana na wa 11: "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako." Huo uandike kwa kalamu, uubandike ukutani pale juu ya ndoo yako ya unga.