Chama, tunu na maoni ya mpigakura: kwa wanaoanza kuyapima

Ukiwa na faili la data lenye safu tatu, yaani chama anachokipenda mhojiwa, tunu anazoziamini na msimamo wake kuhusu kodi, utaona upesi kwamba zote tatu zinakwenda pamoja. Hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kuandika kwamba tunu huamua maoni, au kwamba wapigakura hufuata chama tu. Jedwali hilo halithibitishi lolote kati ya hayo. Mtu anaweza kuwa amekipenda chama kwa sababu anaamini usawa. Anaweza pia kuwa ameanza kusema anaamini usawa kwa sababu viongozi wa chama chake wanauhubiri kila siku. Au yote mawili ameyakuta nyumbani kwa wazazi wake. Njia zote tatu huzaa jedwali lilelile. Kazi yako ni kupanga utafiti unaoweza kuzitenganisha, na kazi hiyo inaanzia kwenye dodoso.

Anza na chama. Mapenzi kwa chama si kadi ya uanachama, wala si kura ya mara ya mwisho. Wapo wanaoshika kadi kwa sababu ya ajira, na wapo wasio na kadi ambao chama kikishindwa huumia kama wamefiwa. Kura nayo huyumba kwa sababu ya mgombea, hali ya uchumi au hasira za mwaka huo. Kwa hiyo uliza kwa hatua tatu. Kwanza: kwa kawaida, kuna chama unachojiona uko karibu nacho kuliko vingine? Maneno "kwa kawaida" usiyafute. Ndiyo yanayotenga uhusiano wa muda mrefu na hisia za wiki hii. Pili, kwa aliyetaja chama: uko karibu nacho sana, au kiasi tu? Tatu, kwa aliyesema hana chama: hata hivyo, kuna unachoegemea kidogo?

Hatua hiyo ya tatu huachwa mara nyingi ili kuokoa muda, na hasara yake ni kubwa. Marekani, ambako swali la namna hii limeulizwa katika tafiti za uchaguzi tangu 1952 na majibu yake kupangwa kwenye ngazi 7, wanaojiita huru lakini wakakiri kuegemea upande fulani hupiga kura karibu sawa na wafuasi wa chama hicho. Ukiwahesabu kuwa hawana chama, utapata kundi kubwa la "wapigakura huru" ambalo kwa sehemu kubwa halipo, na utadhani chama hakina nguvu.

Katika kuingiza majibu, tenga namba ya "hana chama", ya "hajui" na ya "amekataa kujibu". Mahali ambapo kutaja chama kunaweza kumletea mtu matatizo, waliokataa si watu wasio na chama. Mara nyingi ni watu wenye chama na wenye tahadhari. Ongeza pia swali la hisia kutoka 0 hadi 100 kwa kila chama kikubwa, kikiwemo kile asichokipenda. Wapo ambao mapenzi yao kwa chama chao ni ya wastani, lakini chuki yao kwa chama pinzani ndiyo inayoyasukuma maoni yao. Swali moja la chama halitawaonyesha.

Tunu ni ngumu zaidi kupima, na hapa ndipo tafiti nyingi huharibikia. Swali la tunu halitakiwi kutaja chama, kiongozi, sera wala mpango wa serikali. "Serikali igharamie matibabu kwa sababu binadamu wote ni sawa" si swali la tunu. Ni swali la sera lililovishwa maneno ya tunu. Ukilitumia kueleza maoni kuhusu bima ya afya utapata uhusiano mkubwa ajabu, kwa sababu umeuliza jambo moja mara mbili. Sentensi inayofaa ni kama hii: "Si tatizo kubwa iwapo baadhi ya watu wanapata nafasi kubwa zaidi maishani kuliko wengine." Haina sera ndani yake, na mtu wa chama chochote anaweza kuikubali au kuikataa bila kuhisi anamsaliti kiongozi wake.

Kwa kila tunu tumia sentensi 4 hadi 6, na nusu yake zielekee upande wa pili. Wapo wahojiwa wanaokubali kila wanachosomewa, ama kwa adabu ama kwa uchovu, na sentensi za upande mmoja huugeuza ukubalifu huo kuwa tunu. Ukichanganya pande mbili, alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi majibu ya sentensi hizo yanavyokwenda pamoja, itashuka kidogo. Usiondoe sentensi za kinyume ili kuipandisha. Kile kilichokuwa kinaipandisha ni tabia ya kukubali tu.

Tatizo lingine ni kwamba tunu hazina wapinzani. Muulize mtu kama anathamini uhuru, atasema ndiyo. Muulize kuhusu usawa, usalama, familia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tofauti za kisiasa ziko kwenye kipaumbele: nini kinatangulia pale viwili vinapogongana. Mbinu ya mwanasaikolojia Milton Rokeach ilikuwa kuwapa watu orodha mbili za tunu 18 kila moja wazipange kwa umuhimu. Inatoa taarifa nyingi lakini inachosha, na kwenye simu haiwezekani. Mwanasayansi ya siasa Ronald Inglehart alitumia malengo manne tu na mhojiwa akachagua la kwanza na la pili. Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alizipanga tunu 10 kwenye duara, zinazogombana zikikaa pande zinazotazamana. Dodoso lake fupi la maelezo 21, ambalo utafiti wa kijamii wa nchi za Ulaya umelitumia tangu 2002, humwelezea mtu fulani na kumuuliza mhojiwa anafanana naye kiasi gani, kwa ngazi 6. Ukilitumia hili, usisahau hatua ambayo wanafunzi huiruka: tafuta wastani wa majibu yote 21 ya kila mhojiwa, kisha uutoe kwenye alama yake ya kila tunu. Bila hivyo unamlinganisha aliyezoea kujibu "sana" na aliyezoea kujibu "kiasi", wakati unataka kujua kila mmoja anatanguliza nini.

Usidhani pia kwamba sentensi moja ina uzito uleule kwa makundi yote. Maswali manne kuhusu sifa zinazofaa kwa mtoto (ajitegemee au aheshimu wakubwa, awe mdadisi au mwenye adabu, na mengine kama hayo) hutumika sana Marekani kupima mwelekeo wa kupenda kutii mamlaka. Yalipochunguzwa, ikaonekana kwamba hayafanyi kazi kwa namna moja kwa Wamarekani weusi na weupe, kwa hiyo kuwalinganisha kwa wastani wa alama ni kosa. Pima hilo kwenye data yako kabla ya kulinganisha makundi yoyote.

Mpangilio wa maswali nao una lake. Mtu aliyetaja chama chake dakika mbili zilizopita atajibu maswali ya tunu akiwa amevaa sare ya chama. Njia nzuri kuliko zote ni kuuliza chama na tunu katika mahojiano ya awali, wiki kadhaa kabla ya maswali ya sera. Kama una nafasi ya mahojiano moja tu, gawa wahojiwa kwa bahati nasibu: nusu waanze na tunu, nusu waanze na chama, kisha linganisha.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine. Kipimo kibovu huonekana kama sababu dhaifu. Chama hupimwa kwa swali ambalo limenolewa kwa miongo mingi, na mtu hujibu kwa urahisi kwa kuwa anajua chama chake. Tunu nyingi hupimwa kwa maswali mawili ya haraka yaliyobaki mwishoni mwa dodoso. Ukizipambanisha kwenye regresheni, yaani hesabu inayokadiria mchango wa kila kipimo kwenye maoni, chama kitashinda hata kama ukweli ni kinyume, kwa sababu makosa ya kipimo yamepunguza nguvu ya tunu. Maoni ya sera nayo yana shida hiyohiyo. Katika utafiti wa Marekani uliowarudia watu walewale mwaka 1956, 1958 na 1960, majibu kuhusu sera yalibadilika sana bila mwelekeo wowote, huku chama kikibaki imara. Sehemu ya mabadiliko hayo ni watu wasio na maoni kujibu ili wasionekane wajinga, na sehemu ni maswali yenyewe kuwa butu: ukichukua wastani wa maswali mengi ya mada moja, uthabiti huongezeka sana. Kwa hiyo kabla ya kutangaza mshindi, hakikisha washindani wamepimwa kwa ubora unaokaribiana, na tumia modeli inayotenga makosa ya kipimo.

Kuhusu nani humvuta mwenzake, unahitaji kuwarudia watu walewale angalau mara tatu. Hata hapo majibu hutofautiana kwa nchi na zama, na hilo ni tokeo la utafiti wala si udhaifu wake. Mwanasayansi ya siasa Paul Goren, akitumia Wamarekani waliohojiwa 1992, 1994 na 1996, aliona chama kikiwa thabiti kuliko tunu na kikizivuta: usawa wa fursa, serikali yenye mipaka, familia ya kimila na uvumilivu. Uchambuzi wa kaya za Uingereza za 1991 hadi 2007 ulionyesha kinyume, kwamba tunu za usawa na uingiliaji wa serikali katika uchumi zilikuwa imara kuliko chama na ndizo zilizokivuta chama. Ukisoma upande mmoja tu utaandika sheria ya dunia nzima kutoka nchi moja. Na unapochambua data ya namna hii, tenganisha tofauti za kudumu kati ya mtu na mtu na mabadiliko ndani ya mtu mmoja. Modeli za zamani huzichanganya, kisha husema tunu za mwaka huu zimebadilisha chama cha mwaka ujao, kumbe zinaonyesha tu kwamba watu wa aina fulani wamekuwa hivyo siku zote.

Kosa dogo la kiufundi lenye madhara makubwa: kuweka chama kama kidhibiti, yaani kulinganisha watu wa chama kilekile tu, unapopima nguvu ya tunu. Kama tunu ndizo zilizompeleka mtu kwenye chama, na chama kikampa maoni, kukidhibiti chama ni kuifunga njia uliyokuja kuipima. Chora mishale yako kwenye karatasi kwanza, kisha ndiyo uamue kinachoingia kwenye modeli.

Jaribio husaidia pale ambapo muda hausaidii. Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni wa mwanasaikolojia Geoffrey Cohen, 2003. Wanafunzi wa Marekani walipewa sera ya msaada kwa maskini, ama ya ukarimu ama kali, na wengine wakaambiwa chama gani kinaiunga mkono. Walioelemea mrengo wa kushoto waliunga mkono hata sera kali ikiwa na lebo ya chama chao, na wa kulia wakaunga mkono hata ile ya ukarimu. Kisha wakasema wameamua kwa kusoma maudhui, na kwamba wengine ndio hufuata chama. Lakini usiishie hapo. Majaribio ya baadaye yaliyowapa watu maelezo ya kutosha kuhusu sera yalionyesha maudhui yakiwa na nguvu sawa na lebo au zaidi. Lebo ya chama ni taarifa pia: asiye na muda wa kusoma muswada anaweza kuitumia kwa busara kubashiri yaliyomo. Ili kujua kama ni busara au ushabiki, ongeza kundi linalopewa maelezo kamili. Kama lebo inapungua nguvu maelezo yanapoongezeka, ilikuwa njia ya mkato. Kama haipungui, kuna kitu zaidi.

Mpango wa kawaida una aina mbili za sera na hali tatu za lebo (hakuna, chama chake, chama pinzani), yaani makundi 6. Kugundua tofauti ya sehemu 0.2 ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) kati ya makundi mawili, kwa uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona kama ipo na wa asilimia 5 wa kudhani ipo wakati haipo, unahitaji karibu watu 400 kwa kundi. Makundi 6 ni 2,400. Ukitaka kujua kama lebo huathiri zaidi wenye tunu fulani, idadi hiyo haitoshi hata kidogo. Pima chama na tunu kabla ya kuonyesha lebo, kwa sababu lebo yenyewe inaweza kuzibadilisha, na usiwaondoe waliokosea swali la umakini (la kupima kama mhojiwa anasoma kweli) lililokuja baada yake.

Chagua mada kwa uangalifu. Kwenye mada iliyojadiliwa miaka mingi kila mtu anajua chama chake kimesimama wapi, hivyo lebo haitaongeza kitu na utahitimisha vibaya kwamba chama hakina athari, wakati athari ilimalizika kabla hujafika. Mada mpya au ya kiufundi ndiyo inayoonyesha. Na usimzushie kiongozi msimamo asiokuwa nao, hasa karibu na uchaguzi. Tafuta suala ambalo wabunge wa kila chama wamegawanyika kweli, ili lebo zote mbili ziwe za kweli, na mwishoni umweleze mhojiwa ulichokuwa unafanya.

Baada ya yote hayo, nenda kwa wale ambao chama na tunu zao zinagombana: anayeamini usawa kwa dhati huku chama chake kikipinga, au mpenda mila aliye kwenye chama cha mageuzi. Ni wachache, wakati mwingine hawafiki hata sehemu ya kumi ya sampuli, na watafiti wengi huwazamisha ndani ya wastani. Hawa ndio wanaokuambia ukweli, kwa sababu kwa wengine wote chama na tunu vinavuta upande mmoja na huwezi kujua nguvu ni ya nani. Waangalie wanafanya nini. Baadhi hubadilisha maoni yakafuata chama. Baadhi hubaki na maoni yao na kudhani, kinyume na ukweli, kwamba chama kinakubaliana nao, ndiyo maana uliza pia "unadhani chama chako kina msimamo gani?". Baadhi huanza kujibu "sijui". Na baadhi huhama, lakini polepole, kupitia kuegemea kidogo na kisha kutokuwa na chama, jambo ambalo mahojiano mawili hayawezi kulinasa. Kama bajeti inaruhusu, waongeze kwa makusudi kwenye sampuli kisha urekebishe kwa uzani, ili kila kundi lirudi kwenye sehemu yake halisi.

Unapoandika ripoti, toa ukubwa wa athari kwa kila mada peke yake, taja mada ilikuwa na umri gani kwenye mjadala wa umma, na onyesha asilimia ya waliogombana kati ya chama na tunu kabla ya kutoa wastani wowote.