Kupanda si kazi, kazi ni kushuka

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 44, nafanya kazi benki, kutwa nimekaa. Presha imeanza kupanda na daktari kaniambia nifanye mazoezi. Wenzangu ofisini wanakwenda Morogoro kupanda milima ya Uluguru hadi Morningside, kwenye jumba la zamani huko juu. Mke wangu anacheka, anauliza huko mlimani nimesahau nini. Kuna faida kweli, au ni kujitesa? Na magoti yatahimili?
Baba Neema, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu usimlaumu. Mimi nimezaliwa chini ya milima hiyo, nikauguza watu miaka yote, na sikuwahi kuipanda kwa matembezi hadi nilipostaafu, nikiwa na miaka 60.

Siku hiyo nilivaa raba mpya, nikaanza kwa kasi kama nawahi daladala. Nusu saa haijaisha, moyo unanigonga masikioni. Akanipita mama wa Kiluguru anarudi kutoka sokoni, tenga tupu kichwani, anapiga soga na mwenzake wala hahemi. Yule ndiye kipimo chako. Ukiona huwezi kumaliza sentensi, punguza mwendo.

Faida ipo. Moyo ukizoea kazi, presha hushuka taratibu, na misuli ya mapaja ikichapa kazi hufyonza sukari kwenye damu hata kama insulini, homoni inayosaidia mwili kutumia sukari, inasuasua. Ila Morningside ya mara moja haikutibu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Basi anza leo: shuka daladala vituo viwili kabla ya kazini. Na vidonge, kama umeandikiwa, usiviache kwa sababu umepanda mlima!

Sasa magoti. Watu huogopa kupanda, kumbe balaa liko kwenye kuteremka. Hapo misuli ya mbele ya paja hugeuka breki, na goti hubeba uzito wote. Mimi niliteremka mbiombio kwa furaha. Kesho yake kutwa nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, mjukuu wangu akadhani ni mchezo, akanifuata vivyo hivyo. Wewe kata fimbo, piga hatua fupi, goti likunje kidogo. Goti likiwa linavimba, au kifua kinabana ukitembea, muone daktari kabla ya safari.

Raha yake? Unaacha joto la mjini, unapita migomba na vishamba vya mboga vilivyoning'inia kwenye miteremko, mara unatafuta sweta. Ukigeuka nyuma, mabati ya Morogoro yanameta chini kule, na kila kona unasikia maji.

Na hayo maji ndiyo jibu la mkeo. Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji ya kunywa, unaanzia kwenye milima hii. Mwambie unakwenda kuangalia bomba lenu linakotokea. Bora zaidi, njoo naye; sweta ninazo mbili.